Mguu Usiouma: Lugha ya Maumivu na Matibabu ya Vidonda vya Kisukari katika Hospitali za Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

IKISIRI

Mtu mwenye kisukari anaweza kuwa na kidonda chenye usaha katika wayo wake na asihisi lolote. Hata hivyo, maneno ambayo Kiswahili hutumia kuulizia ugonjwa yamejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya maumivu. Makala haya yanachunguza pengo hilo kwa kuzingatia Nyeri na miji jirani ya Mlima Kenya, ambako Kiswahili, Kikuyu na Kiingereza hukutana katika chumba kimoja cha matibabu. Yanaeleza hatua za kutibu kidonda kilichoingiwa na viini, yanachanganua maneno yanayotumika katika hatua hizo, na kuonyesha kwamba neno lisilo wazi linaweza kumchelewesha mgonjwa au kumfanya aikimbie hospitali ambayo ingeuokoa mguu wake.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kwamba avaaye kiatu ndiye ajuaye kinapombana. Msemo huu husikika kwa sura kadhaa, lakini hoja yake ni moja: mwenye maumivu ndiye shahidi wa kwanza wa maumivu yake. Kwa mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia za miguu, msemo huo haufai tena. Kiatu kinaweza kumbana tangu asubuhi hadi jioni, kikamchubua, kijiwe kikaingia ndani naye akakikanyaga kutwa nzima bila kujua. Anayejua ni yule atakayemvua soksi usiku na kukuta damu.

Methali nyingine husema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa pia mambo yamegeuka. Mgonjwa hafichi chochote; maradhi ndiyo yanayojificha kwake. Akiulizwa hali yake atajibu kwa uaminifu kwamba hajambo, na jibu hilo la kweli ndilo litakalomponza.

Swali linaloongoza makala haya basi ni hili: ikiwa lugha ya kuulizia ugonjwa imesimama juu ya maumivu, mtaalamu wa tiba na mgonjwa wazungumze vipi kuhusu ugonjwa ambao hatari yake kubwa ni kutouma? Swali hili linawahusu wanafunzi wa Kiswahili kama linavyowahusu wanafunzi wa udaktari, kwa kuwa sehemu ya tiba hufanyika kwa maneno kabla ya kisu na dawa.

2.0 Muktadha wa Nyeri na Mlima Kenya

Mji wa Nyeri umo kati ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,700. Ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Kati hadi serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka wa 2013. Hospitali kuu ya umma mjini humo, ambayo zamani ilikuwa ya mkoa, sasa ni Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyeri. Katika kaunti hiyo zipo pia Hospitali ya Consolata Mathari, Hospitali ya PCEA Tumutumu upande wa Karatina na Hospitali ya Mwai Kibaki huko Othaya. Miji mingine inayouzunguka mlima, kama vile Nanyuki, Kerugoya, Embu na Meru, nayo ina hospitali zake kubwa.

Kisukari si jambo geni katika eneo hili. Serikali ya Kenya ilipoanzisha majaribio ya mpango wa afya kwa wote mnamo Desemba 2018, kaunti nne zilichaguliwa: Kisumu, Machakos, Isiolo na Nyeri. Nyeri iliteuliwa kwa sababu ya uzito wa magonjwa yasiyoambukiza, kisukari kikiwa miongoni mwayo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulikuwa umeonyesha kwamba karibu watu tisa kati ya kila kumi nchini hawakuwa wamewahi kupimwa sukari ya damu. Hii ina maana kwamba kwa baadhi ya wagonjwa kidonda cha mguuni ndicho hutangulia, na jina la ugonjwa hufuata.

Mazingira ya kazi na hali ya hewa yana nafasi yake. Mkulima wa chai au kahawa hushinda akipanda na kushuka miteremko akiwa amevaa gambuti zenye unyevu, au akala zinazoacha vidole wazi. Mnamo Julai baridi inapozidi, wazee husogeza miguu karibu na moto au jiko la makaa. Mwenye hisia kamili huiondoa miguu joto likizidi. Aliyepoteza hisia huungua akiwa ameketi akizungumza na wajukuu.

Kilugha, chumba cha matibabu hapa kina tabaka tatu. Daktari alisomea kazi yake kwa Kiingereza, na faili ya mgonjwa huandikwa kwa Kiingereza. Mgonjwa mzee mara nyingi hufikiri na kueleza mwili wake kwa Kikuyu, ambako kidonda ni kĩronda na kisukari ni mũrimũ wa cukari. Kiswahili husimama katikati, hasa pale ambapo mhudumu ametoka sehemu nyingine ya nchi. Kwa hiyo Kiswahili hubeba mzigo mkubwa: ujumbe wa kuokoa mguu hupita juu ya daraja hilo.

3.0 Kitenzi -uma na Mguu Uliotulia

Kitenzi -uma kina familia pana: umwa, umia, umiza, umivu. Maana yake ya msingi ni kushika kwa meno, na kutokana nayo hupatikana maana ya kuleta maumivu. Katika sentensi "mguu unaniuma", mguu ndio mtenda na mwenye mguu ndiye mtendwa. Nchini Tanzania hasa, kusema "naumwa" hutosha kumaanisha kwamba mtu ni mgonjwa. Kuugua na kuhisi maumivu vimefungwa katika shina moja la neno.

Chukuliwe mfano wa kubuni wa mazungumzo katika kliniki, kati ya afisa tabibu kijana na mkulima mzee:

Tabibu: Guka, unaumwa wapi leo?
Mgonjwa: Siumwi popote, daktari. Ni macho tu yameanza kufifia.
Tabibu: Na miguu?
Mgonjwa: Miguu haina neno. Zamani ilikuwa ikiniwaka moto usiku, lakini sasa imetulia.

Kwa sikio la kawaida, jibu la mwisho ni habari njema. Kwa mtaalamu ni onyo. Sukari ya damu inapokaa juu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na mishipa mirefu zaidi, inayofika vidoleni, huathirika mapema. Mwanzoni mgonjwa anaweza kuhisi moto, kuchomwachomwa au kutambaliwa na sisimizi. Mishipa ikiendelea kuharibika, hisia hizo hupungua na kuisha. Mguu "uliotulia" unaweza kuwa mguu ulionyamazishwa.

Wazo kwamba maumivu ni mlinzi lilipata uzito kitabibu kupitia kazi ya daktari wa upasuaji Paul Brand (1914–2003), aliyewahudumia wagonjwa wa ukoma huko Vellore, India. Alionyesha kwamba vidole vya wagonjwa wale havikuoza vyenyewe kama ilivyodhaniwa. Viliharibiwa na majeraha ya kila siku ambayo hayakuhisiwa. Baadaye, akiwa Marekani, aliyatumia maarifa hayo kwa miguu ya watu wenye kisukari.

Funzo la kilugha ni kwamba swali la "unaumwa wapi?" halina budi kusindikizwa na maswali ya kuona na kugusa. Mazungumzo yale yale yangeweza kwenda hivi:

Tabibu: Guka, naomba uvue viatu na soksi tuitazame miguu pamoja.
Mgonjwa: Lakini haina kidonda.
Tabibu: Sawa, Guka. Sasa fumba macho. Nikikugusa, uniambie ni wapi.

Kifaa kinachotumika hapo ni uzi wa nailoni unaopinda unapokandamizwa kwa nguvu ya gramu 10. Mgonjwa asiyehisi mguso huo yumo hatarini hata kama ngozi yake bado ni nzima. Kitenzi kimebadilika kutoka "kuumwa" hadi "kuhisi", na badiliko hilo linaweza kufichua kidonda ambacho mwenyewe hakijui.

4.0 Maneno Matatu Yenye Mitego

Neno la kwanza ni mshipa. Kiswahili hulitumia kwa njia ya damu, kwa njia ya fahamu, wakati mwingine kwa kano, na hata kwa ugonjwa wa ngiri. Mgonjwa akiambiwa tu kwamba mishipa yake ya mguu imeharibika, hajaambiwa mengi. Mishipa ya fahamu ikiharibika, mguu hupoteza hisia, na tiba kuu ya kidonda ni kukiondolea uzito wa mwili. Mishipa ya damu ikiziba, nyama hukosa hewa na lishe, dawa haifiki vizuri, na huenda mgonjwa akahitaji kupelekwa kwa mtaalamu wa kuizibua. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na matatizo yote mawili. Kwa hiyo "mishipa ya damu" na "mishipa ya fahamu" yafaa yatamkwe kamili kila mara.

Neno la pili ni sugu. Kama nomino, sugu ni ngozi iliyokuwa ngumu kwa kusuguliwa. Kama kivumishi, huelezea kisichosikia dawa wala kukoma. Maana zote mbili hukutana mguuni. Sugu inayoota chini ya kidole gumba hukandamiza nyama kama kijiwe, na chini yake kidonda huzaliwa bila kuonekana. Kidonda hicho kisipotibiwa huwa kidonda sugu. Mgonjwa akinunua dawa kiholela dukani na kuzimeza nusunusu, bakteria nao huwa sugu. Ni nadra neno moja kusimulia safari nzima ya ugonjwa kiasi hiki, na mwalimu wa afya anaweza kulitumia kufunza. Vivyo hivyo magaga, yaani mipasuko ya visigino ambayo wengi huichukulia kama jambo la urembo tu, ni mlango wa viini. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Neno la tatu ni ganzi. Mguu "umekufa ganzi" maana yake umepoteza hisia. Lakini mhudumu akifupisha na kusema "mguu umekufa", mgonjwa husikia hukumu: nyama imeoza na haiwezi kurudi. Hali hizo mbili ni tofauti kabisa. Mguu uliokufa ganzi bado ni hai na unaweza kutunzwa kwa miaka mingi. Katika lugha ya tiba, neno moja lililodondoshwa linaweza kumwondolea mtu tumaini.

5.0 Hatua za Matibabu Hospitalini

Mgonjwa anapofika na kidonda, hatua ya kwanza ni kuamua kama kimeingiwa na viini. Mwongozo wa kimataifa kuhusu mguu wa kisukari, uliohuishwa mwaka wa 2023, hutaka angalau dalili mbili miongoni mwa hizi: uvimbe, wekundu unaozidi nusu sentimita kuzunguka kidonda, maumivu, joto na usaha. Hapa tena lugha yahitaji uangalifu. Maumivu huenda yasiwepo kwa sababu zilizotajwa. "Wekundu" nao ni neno lililotokana na maelezo ya ngozi nyeupe. Katika ngozi nyeusi, uvimbe wa viini huweza kuonekana kama weusi uliokolea au rangi ya zambarau. Mhudumu anayesubiri kuona wekundu anaweza kusubiri mpaka muda upite. Mkono unaolinganisha joto la mguu mmoja na mwingine hutoa ushahidi bora zaidi.

Hatua ya pili ni kupima kina. Mapigo ya damu juu ya wayo na nyuma ya kifundo huguswa. Kidonda huchunguzwa kwa kijiti cha chuma kisicho na ncha kali. Kikigonga mfupa, kuna uwezekano mkubwa kwamba mfupa nao umeathiriwa. Picha ya eksirei hufuata. Homa ikiwapo ni dalili nzito, lakini kutokuwapo kwake hakumaanishi usalama.

Hatua ya tatu ni kusafisha. Nyama iliyokufa na sugu inayokizunguka kidonda hukatwa, na usaha hutolewa. Wagonjwa wengi husikia neno "kukata" na kuogopa. Ni afadhali kusemwa "tutaondoa nyama iliyokufa ili iliyo hai ipone". Usaha uliojikusanya ndani kabisa huhitaji chumba cha upasuaji bila kuchelewa, maana huweza kuenea kwa saa chache.

Hatua ya nne ni dawa za kuua bakteria, ambazo waandishi wengine huziita viuavijasumu na wengine antibiotiki. Inafaa, kadiri iwezekanavyo, kipande cha nyama kutoka ndani ya kidonda kipelekwe maabara kabla ya dawa kuanza, kwa kuwa pamba iliyopakwa juu huokota viini visivyohusika. Maambukizi ya ngozi na nyama hutibiwa kwa wiki moja hadi mbili, na zaidi kidogo yakiwa mazito. Mfupa ukiathiriwa bila kukatwa, dawa huchukua takriban wiki sita. Kidonda kisicho na viini hakihitaji antibiotiki hata kidogo. Kukipa ni kuzalisha usugu. Sambamba na hayo, sukari hudhibitiwa, mara nyingi kwa insulini.

Hatua ya tano, ambayo aghalabu hudharauliwa, ni kukiondolea kidonda uzito wa mwili. Maambukizi yakishatulia na damu ikiwa inafika vizuri, mgonjwa anaweza kufungwa plasta ngumu inayoishia chini ya goti, au kupewa kiatu maalumu. Bila hatua hii, mgonjwa hurudi shambani, hukanyaga kidonda kile kile kisichouma, na kazi yote huharibika. Maelekezo ya "pumzika" hayatoshi kwa mkulima; yafaa yawe "usikanyagie mguu huu, hata kwenda msalani, bila magongo".

6.0 Mguu, Kukatwa na Ridhaa

Neno linalotisha kuliko yote katika wodi ni "kukatwa". Hofu yake huongezwa na neno "mguu" lenyewe. Kiswahili hutumia mguu kwa kiungo chote kuanzia nyonga hadi vidole, na Kikuyu hufanya hivyo hivyo kwa neno kũgũrũ. Daktari aliyefikiri kwa Kiingereza anaweza kukusudia kidole kimoja au sehemu ya wayo, akasema "tutakata hapa mguuni". Mgonjwa na jamaa zake husikia paja. Usiku huo huo huenda wakaomba kuondoka, wakarudi baada ya wiki mbili, wakati ambapo kidole hakitoshi tena.

Ajabu ni kwamba Kiswahili hakina upungufu wa maneno hapa. Kina kidole, wayo, kisigino, kifundo, muundi, goti na paja. Tatizo si umaskini wa lugha bali uvivu wa kuitumia. Mhudumu anayeweka kidole chake mahali hasa patakapokatwa, akalitaja jina lake, na kusema kitakachobaki, amempa mgonjwa haki yake.

Hiyo ni haki ya kisheria pia. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka wa 2017 inamtaka mhudumu, pale inapowezekana, kumwarifu mgonjwa kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma. Katiba ya 2010 nayo imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Hata hivyo, fomu ya ridhaa ya upasuaji mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Mzee anayebonyeza kidole gumba juu ya karatasi asiyoweza kuisoma ametoa alama. Haijulikani kama ametoa ridhaa.

Mfano wa kutia moyo upo karibu. Nchini Tanzania, Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam alishiriki katika muongo wa 2000 kuendesha mpango wa Step by Step, ambao uliwafunza madaktari na wauguzi kwa jozi, ili ujuzi wa mguu wa kisukari ufike mbali na jiji. Somo lake ni kwamba mguu huokolewa na watu wawili wanaozungumza, si na mtaalamu mmoja aliye peke yake.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kidonda cha kisukari hupita katika pengo la lugha kabla hakijapita katika ngozi. Kiswahili huuliza juu ya maumivu, ilhali ugonjwa huu huyaondoa maumivu kwanza. Pengo hilo linazibika kwa njia zilizo ndani ya uwezo wa wasomi wa Kiswahili. Kwanza, maswali ya kliniki yaongezewe vitenzi vya kuona, kugusa na kuhisi. Pili, istilahi kama vile mishipa ya damu na mishipa ya fahamu zitumiwe kikamilifu. TUKI ilitoa kamusi ya tiba mwaka wa 2003. Kazi ya namna hiyo yafaa kuendelezwa hadi kwenye fomu na vikaratasi anavyopewa mgonjwa. Tatu, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vishirikiane na vyuo vya tiba kutafsiri fomu za ridhaa, na tafsiri hizo zisomwe kwa sauti mbele ya wagonjwa ili ijulikane wanachosikia.

Kwa familia, ujumbe ni mfupi. Kila jioni, soksi zivuliwe, nyayo zitazamwe, na katikati ya vidole pafunguliwe. Ikiwa mzee haoni vizuri au hawezi kuinama, mjukuu amtazamie. Kiatu kikunguutwe kabla ya kuvaliwa. Kidonda kikionekana, hata kama hakiumi, safari ya hospitali ianze siku hiyo. Hakiumi, na hiyo ndiyo sababu ya kuharakisha.